Anza na Ngoma, Si na Ajali: Mwongozo wa Kutengeneza Filamu ya Msanii Aliyeumia Ubongo

Segese ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, wilayani Kahama, katika ukanda wa dhahabu unaotoka Shinyanga kwenda Geita. Ni nchi ya ngoma. Ni nchi pia ya pikipiki zinazokimbizwa kwenye vumbi, ya maduara ya machimbo yanayoshikiliwa na matimba, na ya vijana wanaoshuka chini ya ardhi bila kofia ngumu. Mcheza ngoma wa Jumapili ndiye mchimbaji wa Jumatatu na dereva wa bodaboda wa Jumanne. Ndiyo maana unaweza kumkuta manju wa ngoma aliyetunga nyimbo za kukesha, ambaye leo analitafuta jina la mwanawe na halipati. Au mchoraji wa mabango ambaye mkono wa kulia haumtii tena, naye ameanza upya kwa mkono wa kushoto.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye simu nzuri au kamera ndogo, uwe Segese, Kakola au Katoro, unayetaka kutengeneza dokumentari ya msanii wa namna hiyo. Jambo moja linaongoza kila hatua utakayoisoma: filamu hii ni ya msanii kabla ya kuwa ya watazamaji. Aliyeumia ubongo mara nyingi amepoteza sehemu ya kumbukumbu zake, na maisha yake yanasimuliwa na wengine: mke, kaka, daktari, majirani. Ukija na kamera bila kujipanga, unaongeza msimulizi mmoja zaidi juu ya wale. Ukijipanga, unampa nafasi ya kujisimulia, na picha zako zinabaki kwake kama kumbukumbu anazoweza kuzirudia.

1. Lielewe jeraha kabla hujabeba kamera

Ubongo huumia kwa njia nyingi. Ajali ya pikipiki au jiwe la duarani huupiga kupitia fuvu; hata fuvu lisipopasuka, ubongo hutikisika ndani na nyuzi zake zinaweza kukatika. Kiharusi huziba au kupasua mshipa wa damu, na sehemu iliyokosa damu hufa. Malaria inayopanda kichwani huwaacha baadhi ya watoto na ulemavu wa maisha. Kwenye machimbo kuna zebaki pia: dhahabu inapochomwa, mvuke wake huvutwa puani, ukaingia kwenye damu na kufika kwenye mfumo wa fahamu. Watafiti wa mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa, waliowapima watu wa Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta wachomaji wa dhahabu wenye dalili za sumu hiyo. Mikono hutetemeka, mwendo huyumba, kumbukumbu hupungua.

Jua mapema ni sehemu gani ya maisha ya msanii wako iliyoguswa, kwa sababu hiyo ndiyo itakayopanga kazi yako.

*Lugha.* Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo; daktari Mfaransa Paul Broca alilionyesha hilo katika miaka ya 1860. Aliyeumia hapo anaweza kuelewa kila unachosema, ila maneno yasimtoke. Hali hiyo inaitwa afasia. Usidhani amepungukiwa akili. Na jambo la maana kwako: wengi wanaoshindwa kusema huweza kuimba. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walieleza tiba inayowarudisha wagonjwa kwenye maneno kupitia kiimbo. Manju akikwama kwenye jibu, mwombe aimbe wimbo wake wowote. Unaweza kupata ubeti mzima kutoka kwa mtu aliyeshindwa kukutamkia jina la kijiji chake.

*Kumbukumbu.* Mwingereza Clive Wearing, mwanamuziki na kiongozi wa kwaya, alishambuliwa ubongo na virusi mwaka 1985. Tangu hapo hakuweza kushika jambo jipya kwa zaidi ya sekunde chache, lakini akikaa kwenye piano alipiga. Mazoea ya mikono na miguu hayatunzwi mahali pamoja na kumbukumbu za matukio. Kwa hiyo usimpime msanii kwa maswali ya tarehe. Mpe ngoma, zeze, udongo au brashi, uone mwili unakumbuka nini.

*Upande mmoja wa dunia.* Jeraha la upande wa kulia linaweza kumfanya mtu asitambue kilicho kushotoni kwake, ijapokuwa macho ni mazima. Mchoraji Mjerumani Anton Räderscheidt alipata kiharusi mwaka 1967, kisha akajichora mara nyingi. Katika picha za mwanzo upande wa kushoto wa uso wake ulikosa sehemu au ulikuwa mtupu, na polepole ukarudi. Ukiwa na msanii wa namna hii, kaa upande anaouona, na kamera iwe upande huohuo.

*Uchovu na kelele.* Ubongo ulioumia huchoka haraka, na mwanga mkali au kelele huuchosha zaidi. Hili ndilo litakalokugharimu muda kuliko yote.

*Tabia.* Hasira za ghafla, kilio au kicheko kisicho na sababu, kuropoka maneno asiyokusudia: hayo yanaweza kutoka kwenye jeraha. Amua kabla ya siku ya kwanza kwamba hutamdhalilisha mtu kwa jambo ambalo hakulichagua.

2. Mtafute msanii kupitia sanaa yake

Usianzie hospitalini. Faili la mgonjwa ni siri, na anayekukabidhi jina la mgonjwa wake anavunja wajibu wake. Anzia uwanjani, kwenye vikundi vya ngoma. Usukumani vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu enzi za waanzilishi wao, Ngika na Gumha. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na kinachovuta umati mkubwa ndicho mshindi. Wazee wa vikundi wanawajua wote waliowahi kuongoza, pamoja na walioacha kuja na sababu ya kuacha. Uliza pia kwenye kwaya za makanisa, kwa wafinyanzi, kwa wachonga vinu na vigoda, kwa mafundi wa kuchora maduka. Afisa utamaduni wa halmashauri atakuonyesha njia.

Ukifika nyumbani, salimia kama watu wa nyumba ile wanavyosalimiana. Ng'wangaluka ya asubuhi na ng'wadila ya mchana zinafungua mlango. Shikamoo kwa mkubwa haikosei popote. Nenda bila kamera. Kaa, ule ulichokaribishwa, usikilize. Siku za kwanza ni za kuijua nyumba: nani anamlisha, nani anamsemea, saa ngapi ana nguvu, nini kinamfurahisha.

Kama jeraha bado ni bichi, acha. Mtu aliyetoka hospitali juzi, na familia inayokimbizana na dawa na madeni, hawana nafasi ya kuamua juu ya filamu. Rudi hali itakapotulia.

Jiandae pia kusikia kwamba amerogwa. Ushindani wa ngoma huku tangu zamani umeambatana na dawa, hivyo manju akianguka ghafla, watu wengine wanamtazama mshindani wake. Usibishane na familia, wala usiwacheke. Lakini shika hili kwa nguvu: tuhuma yenye jina la mtu isiingie kwenye filamu yako hata kidogo. Katika mikoa hii watu wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee. Sheria ya Uchawi nayo inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Sema tu kwamba familia imetafuta sababu kila mahali, jina kata.

3. Ridhaa iulizwe zaidi ya mara moja

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inataka ridhaa ya maandishi. Timiza hilo, lakini usidhani karatasi imemaliza kazi. Mtu anayesahau anaweza kusaini leo na kesho asijue wewe ni nani.

Fanya hivi:

- Eleza kwa sentensi fupi, kwa lugha anayoota nayo. Segese hiyo mara nyingi ni Kisukuma. Kama hukijui, tafuta mkalimani asiye ndugu wa nyumba ile, ili msanii aweze kusema hata yale asiyotaka ndugu wayasikie.
- Mwonyeshe filamu ni kitu gani. Mrekodi dakika moja, mwonyeshe papo hapo, kisha mwambie kwamba watu wa Kahama, Mwanza na Dar es Salaam wataiona hivyohivyo.
- Mwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Akishindwa kwa maneno, tumia ishara na picha zilizochorwa.
- Ondoka. Rudi siku nyingine uulize upya kana kwamba hujawahi kuuliza. Jibu likibadilika, subiri.
- Ongea na anayemtunza pia. Ila hapana ya msanii inashinda ndiyo ya ukoo mzima.
- Kubalianeni ishara ya kusimamisha, kwa mfano kiganja kilichoinuliwa. Ikitolewa, kamera inazimwa, na hakuna anayeuliza kwa nini.
- Kila asubuhi ya kazi jitambulishe tena, sema unafanya nini, pata ndiyo ya siku hiyo.

Kuna tukio la Japani ambalo kila anayepiga picha kwenye ukanda wa zebaki anapaswa kulijua. Huko Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini na watu waliokula samaki wakaharibika ubongo. Mwaka 1971 mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith alihamia huko na mkewe Aileen. Desemba ya mwaka huo alipiga picha ya mama akimwogesha binti yake, aliyezaliwa na sumu hiyo mwilini. Wazazi walikuwa wameridhia, wakitaka dunia ijue. Jarida la Life liliichapisha mwaka 1972 na picha ikazunguka dunia. Binti alifariki mwaka 1977, picha ikaendelea kuzunguka. Miaka ilipopita wazazi wakachoka kuuona mwili wa mtoto wao kila mahali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Aileen, aliyekuwa na hakimiliki, aliwaachia wazazi uamuzi juu ya picha ile na akaacha kuruhusu ichapishwe upya.

Ile ilikuwa miongoni mwa picha zilizosaidia zaidi kuwaeleza watu ubaya wa zebaki, na bado heshima ya familia ilipewa uzito kuliko umaarufu wake. Weka kwenye mkataba wako kipengele kinachompa msanii haki ya kukuomba uondoe sehemu fulani, au uache kuionyesha filamu mahali fulani, hata baada ya miaka. Na usimpige picha mtu akiogeshwa, akilishwa kwa shida au akibadilishwa nguo, isipokuwa yeye mwenyewe ametaka ionekane na anajua kwa nini.

4. Vibali

Filamu yoyote inayotengenezwa nchini inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Omba mapema, ukieleza mada, maeneo na watu wako. Ukishakipata, peleka nakala na barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya Msalala, kisha shuka kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi ya chini. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walianzia maeneo haya ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mgeni mwenye mashine asiyejulikana na mwenyekiti atahojiwa mbele ya watu, jambo litakalomtia hofu msanii wako kuliko wewe.

Kwenye machimbo madogo, pata ruhusa ya mwenye leseni na ya mwenye duara. Mgodi mkubwa kama Bulyanhulu una taratibu zake; usipige picha uzio wake kwa kuvizia. Hospitali huombwa kwa barua kwa uongozi wake. Droni ina vibali vyake yenyewe, kikiwemo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa filamu ya mtu mmoja na ngoma yake, unaweza kabisa kufanya bila droni.

Nyimbo nazo zina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mtumbuizaji. Andika jina la aliyetunga kila wimbo utakaotumia, na msaidie msanii wako kusajili kazi zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla filamu haijatoka. Manju aliyesahau nyimbo zake ni rahisi kuibiwa.

5. Panga siku kwa kuufuata ubongo

Rekodi asubuhi, akiwa amelala vizuri na kula. Fanya kazi dakika 20, pumzikeni, endelea kama ana nguvu. Jambo moja kwa siku linatosha: leo wimbo, kesho safari ya kisimani, keshokutwa mahojiano. Ukiona maneno yanapungua, macho yanafifia au anasugua paji la uso, siku imekwisha hata kama jua bado ni zuri.

Muda mrefu ndio bajeti yako kubwa. Mtengenezaji wa filamu Jeff Malmberg aliifuata hivyo kazi ya Mmarekani Mark Hogancamp, aliyepigwa nje ya baa mwaka 2000 hadi akapoteza fahamu kwa siku tisa na kuamka bila kumbukumbu nyingi. Hogancamp alijenga uani kwake mji mdogo wa wanasesere na kuupiga picha, kwa sababu tiba ilikuwa imekatika kwa kukosa fedha. Malmberg alimfuatilia kwa miaka, na filamu ya Marwencol ikatoka mwaka 2010. Mwaka huohuo tamasha la Cannes lilionyesha Benda Bilili!, ya wanamuziki wa Kinshasa wenye ulemavu wa polio, nayo zao la miaka ya watengenezaji Wafaransa kukaa nao mitaani. Wewe una bahati zaidi ya watengenezaji wale Wafaransa: unaweza kuwa jirani wa msanii wako.

Katika mahojiano:

- Uliza swali moja kwa mara moja, na liwe fupi. Badala ya "Tueleze maisha yako kabla na baada ya ajali," sema "Ngoma hii ulipewa na nani?"
- Nyamaza baada ya swali. Hesabu kimoyomoyo hadi 20 kabla ya kuongeza neno. Usimmalizie sentensi, na mwombe mkewe naye asimmalizie.
- Weka kitu mkononi mwake: ngoma ya zamani, picha ya kikundi, jembe la ngoma ya bugobogobo. Kitu hufungua mlango ambao swali limeshindwa.
- Usimlazimishe kuisimulia ajali. Wengi hawaikumbuki kabisa, na wanachosema ni walichoambiwa. Tukio hilo liache lisemwe na aliyekuwepo.
- Akikosea tarehe au jina, usimsahihishe mbele ya kamera. Utahakiki baadaye kwa wengine.

Kuhusu vifaa, sauti inatangulia picha. Maneno ya mtu mwenye ulimi mzito yanahitaji kunaswa vizuri, kwa hiyo tumia maiki ndogo ya kubana kifuani, na kaa mbali na karasha na mashine za kusaga. Zima taa zinazomweka na usitumie mwanga wa kamera usoni. Kivuli cha mwembe kinatosha. Beba betri za akiba na sola ndogo, na funika lenzi, maana vumbi la kiangazi haliachi kitu. Kiangazi hichohicho, baada ya mavuno, ndicho msimu wa ngoma. Panga kurekodi ngoma kati ya Juni na Agosti.

Jifunze pia huduma ya kwanza ya kifafa, kwa kuwa baadhi ya walioumia ubongo hukipata. Akianguka, zima kamera. Ondoa mawe na moto karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimbane, usimtie kijiko mdomoni. Angalia saa: kikizidi dakika tano, au kikirudi kabla hajazinduka, mpeleke kituo cha afya. Waambie waliosimama pembeni kwamba kifafa hakiambukizwi kwa povu wala mate, ili wasiogope kumsaidia.

6. Mpe kamera

Mwaka 2011 Lotje Sodderland, mkazi wa London, alivuja damu ubongoni akiwa na miaka 34. Alishindwa kusoma na kuandika, maneno yakamvurugikia. Akaanza kujirekodi kwa simu, akamtafuta mtengenezaji wa filamu Sophie Robinson, na wakaiongoza pamoja filamu ya My Beautiful Broken Brain. Picha zake za usiku, akiwa peke yake, zina ukweli ambao hakuna mpiga picha angeupata kutoka nje.

Fanya vivyo hivyo Segese. Mwachie msanii simu ya kawaida yenye nafasi ya kutosha. Mfundishe kitufe kimoja tu. Bandika alama nyekundu hapo kwenye kioo. Mwambie apige chochote: watoto wakila, mvua juu ya bati, wimbo unaomjia alfajiri. Atakachokiacha bila kukipiga nacho kitakufundisha. Jina lake liandikwe miongoni mwa wapiga picha, na akiweza kuamua mengi, liandikwe miongoni mwa waongozaji.

7. Sauti za wengine ziwe chache

Unahitaji anayemtunza, mwanangoma mwenzake, na pengine mtaalamu mmoja. Mtunzaji, ambaye mara nyingi ni mke, mama au dada, mhoji peke yake, mahali ambapo msanii hasikii, maana ana uchungu wake. Mwulize yeye pia kuhusu maisha yake, shamba lake, usingizi wake. Kisha mwulize ni yapi kati ya aliyosema yasitoke nje.

Mtaalamu unaweza kumpata katika hospitali ya Kahama, au Bugando kule Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971. Kwa upasuaji wa ubongo, taasisi ya MOI iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Mwombe aeleze jeraha la aina hiyo kwa jumla: kwa nini mtu anaimba na hasemi, kwa nini anachoka. Asizungumzie faili la msanii wako bila ridhaa ya msanii mwenyewe. Dakika mbili zake ndani ya filamu zinatosha.

8. Fedha ziwe wazi

Hadithi ya mtu hainunuliwi, lakini muda wake na kazi yake vinalipwa. Onyesho la ngoma lilipwe kama onyesho lolote, kwa kikundi kizima, mbele ya mashahidi. Siku za kazi, toa chakula cha nyumba na nauli. Andika kwenye mkataba, kwa Kiswahili chepesi, mgawo wa mapato iwapo filamu itauzwa, nani atapokea kwa niaba ya msanii, na ndugu wa pili atakayethibitisha kwamba fedha zimefika. Mkataba usomwe kwa sauti, urekodiwe, na nakala ibaki nyumbani. Usiahidi matibabu usiyoweza kuyalipia. Kamera ikionekana kwenye nyumba maskini, watu huanza kutumaini hospitali. Sema mapema, kwa upole, ulichonacho na usichonacho.

9. Hariri kwa kuanza na kazi

Dakika tano za kwanza ziwe za sanaa. Mtazamaji akutane na manju anayeongoza, mfinyanzi anayezungusha chungu, kabla ya kusikia neno ajali. Atakapojua kuhusu jeraha, awe tayari amemheshimu mtu.

Tazama tunavyomkumbuka mwanamuziki Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, akaiongoza bendi ya Super Matimila. Miaka yake ya mwisho aliishi na athari za kiharusi, na muziki wake ukaelekea kwenye Injili, hadi alipofariki Desemba 2010. Anayesimulia maisha yake anaanza na gitaa na nyimbo, na kiharusi kinapata mahali pake ndani ya maisha marefu ya kazi. Mpangilio huohuo mpe msanii wa Segese ambaye hajawahi kusikika redioni.

Jihadhari na hadithi mbili zinazokuja zenyewe mezani pa kuhariri. Ya kwanza ni ya huruma: muziki wa huzuni, picha za polepole, mtu asiye na kitu ila mateso. Ya pili ni ya muujiza: aliumia, sanaa ikamponya. Sanaa humpa mtu njia, kazi na wenzake. Haiziunganishi nyuzi zilizokatika. Onyesha siku aliyoshindwa pamoja na siku aliyoweza, na onyesha kazi mpya jinsi ilivyo mpya. Mchoro wa mkono wa kushoto una mistari ambayo mkono wa kulia haukuijua, na wimbo uliosahaulika nusu unaweza kupata nusu nyingine tofauti.

Ukimya wa kutafuta neno usiukate wote. Acha mtazamaji asubiri mara moja au mbili, aelewe kazi iliyomo ndani ya sentensi moja. Maneno yasiyosikika vizuri yaandikie chini ya picha, bila kuyapamba wala kuyarekebisha. Katika maelezo yako usitumie maneno ya kubeza. Sema mtu mwenye ulemavu, mtu aliyeumia ubongo, na zaidi ya yote litaje jina lake na kazi yake.

10. Onyesha kwa ngazi

Wa kwanza kuiona ni msanii, nyumbani kwake, vipande vifupi kwa siku kadhaa, wewe ukiwa pembeni unaandika anapocheka, anapogeuka, anapoinua kiganja. Sehemu aliyoikataa inatoka. Wa pili ni familia na kikundi cha ngoma. Wa tatu ni kijiji: kodi kibanda cha video au tundika shuka jeupe uwanjani, na weka mtu wa kusimulia kwa Kisukuma papo hapo, kama msimulizi Lufufu alivyowasimulia Watanzania filamu za kigeni. Kisha pigeni ngoma, maana watu wakishamwona kwenye shuka watataka kumwona uwanjani, na mtu aliyekaa ndani muda mrefu anaweza kuitwa tena kikundini.

Baada ya hapo ndipo uipeleke mbali: tamasha la filamu la ZIFF la Zanzibar, vituo vya televisheni, vyuo vya uuguzi na vya tiba ya mazoezi, makumbusho ya Wasukuma kule Bujora. Akialikwa msanii, panga safari kwa kufuata nguvu zake, na mtunzaji wake asafiri naye.

Mwisho wa kazi, kabidhi nyumbani kwake vitu hivi: filamu yenyewe kwenye simu na kwenye flashi mbili, zilizohifadhiwa kwa watu wawili tofauti, nyimbo zote ulizorekodi, hata ambazo hukuzitumia, kila moja ikiwa na jina lake na la mtunzi, mkataba, na namba yako kwa maandishi makubwa. Weka nakala nyingine kwa afisa utamaduni, ikiwa msanii ameridhia. Halafu panga tarehe ya kurudi baada ya mwaka, ukae naye, muitazame tena, na umwulize kama bado anataka watu waione. Akisema hapana, unajua la kufanya. Akisema ndiyo, mwulize anataka filamu inayofuata iwe juu ya nini.